Unga wa manjano nyuma ya mbolea na shaba

Mwaka 1746, daktari John Roebuck na mshirika wake Samuel Garbett walijenga vyumba vya risasi mjini Birmingham, Uingereza, ili kutengeneza asidi ya salfuriki. Awali asidi hiyo ilitengenezwa katika vyombo vya kioo, vyepesi kuvunjika, na ilikuwa ghali mno. Mafundi wa vifungo na vito mjini humo waliihitaji kwa kusafishia madini.

Roebuck alichoma salfa pamoja na shura. Moshi wa shura ndio uliokuwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemikali bila chenyewe kumalizika. Bei ilishuka sana, ingawa asidi yenyewe haikuwa kali ya kutosha.

Mwaka 1831 Peregrine Phillips, mfanyabiashara wa siki wa Bristol, alipata hataza ya kutumia platinamu badala yake. Lilikuwa wazo zuri lenye kasoro mbili: platinamu ni ghali, na aseniki kidogo tu katika gesi huidhoofisha. Katika karne ya 20 nafasi yake ilichukuliwa na oksaidi ya vanadiamu, unga wa manjano unaokaribia rangi ya chungwa, ambao huistahimili aseniki vizuri zaidi.

Unga huo huchanganywa na chumvi za potasiamu na kushikizwa kwenye udongo mwepesi wenye silika, wa jamii ya ule unaochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya. Gesi ya salfa hupitishwa katika matabaka kadhaa ya vipande vyake, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 600 hivi. Kila baada ya tabaka gesi hupoozwa, kwa kuwa joto likizidi, kazi iliyofanyika huanza kurudi nyuma.

Kwa Afrika Mashariki na Kati hili si jambo la mbali. Mawe ya fosfati hugeuzwa mbolea inayoyeyuka kwa asidi hiyo. Migodi ya Katanga na Zambia huitumia kuchuja shaba na kobalti, na sehemu ya salfa yake hupitia bandari ya Dar es Salaam.

Tatizo ni upatikanaji. Vanadiamu hutoka hasa China, Urusi, Afrika Kusini na Brazil, na sehemu kubwa huishia katika chuma cha pua, si katika vichocheo. China ilipokaza viwango vya nondo mwaka 2018, bei ilipanda ghafla, na watengenezaji wa vichocheo hawakuwa na la kufanya ila kulipa.

Tanzania inayo vanadiamu yake, ndani ya chuma cha Liganga, wilayani Ludewa. Mwaka 2011 shirika la serikali, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Zaidi ya mwongo mmoja ulipita bila tanuru hata moja kuwashwa.