Kazi Nje ya Nchi Bila Lugha ya Wenyeji: Mkataba Ueleweke Kabla ya Safari

Watanzania wengi wanaokwenda kufanya kazi Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar na Kuwait huondoka nchini wakiwa hawajui Kiarabu zaidi ya salamu. Kazi za majumbani, udereva, ulinzi, usafi na hoteli hupatikana bila cheti cha lugha, tofauti na taaluma kama uuguzi nchini Ujerumani, ambako mwombaji hutakiwa kwanza kuthibitisha kiwango chake cha Kijerumani. Kutojua lugha ya wenyeji, kwa hiyo, si kizuizi cha kuajiriwa. Hatari kubwa huanza siku mwombaji anapotia saini karatasi ambayo hajui imeandikwa nini.

Nakala ya Kiarabu ndiyo inayofuatwa

Katika nchi za Ghuba, Kiarabu ndiyo lugha ya sheria, mahakama na ofisi za kazi. Mkataba unaweza kuambatana na tafsiri ya Kiingereza au ya lugha nyingine, lakini nakala hizo zinapotofautiana, ya Kiarabu ndiyo hupewa nguvu. Sheria ya Kazi ya Qatar ya mwaka 2004, kwa mfano, inaeleza hivyo bayana.

Maana yake ni kwamba ahadi iliyotolewa kwa mdomo na wakala jijini Dar es Salaam, Tanga au Unguja haina uzito mbele ya ofisi ya kazi ya ugenini iwapo maandishi yanasema vingine. Aliyeahidiwa kazi ya kuuza dukani, kisha mkataba ukamtaja kuwa mfanyakazi wa nyumbani, hajabadilishiwa jina la kazi tu. Katika nchi kadhaa za Ghuba, wafanyakazi wa majumbani hawamo katika sheria ya jumla ya kazi, bali wana sheria au kanuni zao, zenye saa za kazi, likizo na taratibu tofauti za malalamiko.

Herufi zinazojulikana, maneno yasiyojulikana

Kwa wakazi wa Pwani na Visiwani, ukaribu wa Kiswahili na Kiarabu unaweza kuleta matumaini yasiyo na msingi. Wengi waliosoma madrasa huzitambua herufi na huisoma Kurani vizuri, lakini mkataba huandikwa bila irabu na kwa istilahi za ofisini. Neno mkataba lenyewe lina asili ya Kiarabu, ila katika Kiarabu mkataba wa kazi huitwa aqd. Mshahara ni ratib, likizo ni ijaza, na pasipoti ni jawaz. Ubalozi huitwa sifara, neno linalokaribiana mno na safar, yaani safari. Asiyetofautisha maneno hayo mawili anaweza kuomba msaada wa ubalozi, akaeleweka kuwa anataka kusafiri.

Mjini Muscat zipo familia zenye asili ya Zanzibar ambazo bado huzungumza Kiswahili, na mgeni anaweza kukikuta sokoni na hata nyumbani kwa mwajiri. Hata hivyo, mazungumzo hayo hayabadilishi lugha ya nyaraka.

Tarakimu nazo zinahitaji uangalifu. Nyaraka nyingi za Kiarabu hutumia tarakimu ambazo ndani yake sifuri ni nukta (٠), tano ni duara dogo (٥), na sita (٦) inafanana na 7. Mtu anayedhani ameona 700 huenda ametia saini mshahara wa 600.

Jina la fedha pia lisipite bila kuulizwa. Riali ya Oman, ya Saudi Arabia na ya Qatar ni fedha tofauti. Riali moja ya Oman ina thamani inayozidi mara 9 ya riali moja ya Saudi Arabia au ya Qatar. Ahadi ya "riali 1,000" isiyotaja nchi haijasema lolote.

Mambo ya kuthibitisha kabla ya kutia saini

Mwombaji anapaswa kufahamu, kwa lugha anayoielewa, mambo yafuatayo: jina la kazi na majukumu yake, jina na makazi ya mwajiri, kiasi cha mshahara, aina ya fedha na njia ya malipo, saa za mapumziko na likizo, muda wa mkataba, anayelipa nauli ya kwenda na kurudi, na utaratibu wa kuvunja mkataba.

Kujua haki zilizowekwa na sheria za nchi husika humsaidia kupima kile anachopewa. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya wafanyakazi wa majumbani ya mwaka 2022 inatoa siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za mapumziko kwa siku zikiwemo 8 mfululizo, na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Sheria hiyo inamkataza mwajiri kushikilia hati za utambulisho za mfanyakazi. Nchini Qatar, kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021 ni riali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riali 500 za malazi na 300 za chakula iwapo mwajiri havitoi.

Programu za tafsiri katika simu husaidia jikoni na sokoni, lakini hazitoshi kwa hati ya kisheria. Tafsiri ya mkataba inafaa ifanywe na mtu asiyelipwa na wakala wala mwajiri. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ni miongoni mwa taasisi zinazotoa huduma za tafsiri na ukalimani.

Njia halali na dalili za udanganyifu

Nchini Tanzania, huduma za kuunganisha watu na kazi zinasimamiwa na Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira, Sura ya 243, na wakala binafsi hutakiwa kuwa na leseni. Mwombaji anaweza kuthibitisha uhalali wa wakala kwa mamlaka ya kazi. Kwa upande wa Zanzibar, mahali pa kuuliza ni wizara yenye dhamana ya kazi ya Serikali ya Mapinduzi.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2011, unazitaka nchi zilizouridhia kuhakikisha kwamba mfanyakazi wa nyumbani anayeajiriwa kutoka nchi nyingine anapata ahadi ya kazi au mkataba kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka. Wakala anayesema mkataba "utausaini ukifika", anayemsafirisha mtu kwa viza ya matembezi, au anayekataa kumpa nakala, anatoa sababu ya kutosha ya kuahirisha safari. Kumsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Biashara ya Kusafirisha Binadamu ya mwaka 2008.

Baada ya kuwasili

Nakala za mkataba, pasipoti na viza zibaki kwa ndugu aliyeko nyumbani, pamoja na jina la mwajiri na mtaa anakoishi. Taarifa hizo ndizo ubalozi huhitaji kwanza ndugu wanapoomba mtu wao atafutwe. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait, na mfanyakazi anashauriwa kujiandikisha mapema, kabla ya tatizo lolote kutokea. Namba ya simu ya ubalozi ihifadhiwe kichwani, kwa sababu simu inaweza kupotea au kuchukuliwa.

Lugha ya wenyeji mtu anaweza kujifunza akiwa kazini, neno baada ya neno. Masharti ya mkataba hayasubiri muda huo, kwani huanza kumfunga tangu siku ya saini. Mwombaji anayo haki ya kuomba asomewe kila kifungu kwa Kiswahili, na wakala halali hana sababu ya kumkatalia.