Ukiacha Lami, Badili Mwendo

Na Bwana Shamba

Mwezi Novemba mwaka 2012 nilikuwa nakwenda kuchanja kuku katika kijiji kimoja cha Usukuma. Nilipanda pikipiki. Nyuma nilifunga sanduku la chanjo ya mdondo. Wanakijiji walikuwa wameambiwa wasiwafungulie kuku wao asubuhi ile, ili niwakute bandani.

Kwanza nilipita barabara ya lami. Kisha nikapita barabara ya changarawe. Mwisho nikashika njia ya ng'ombe. Saa nne asubuhi nilifika mtoni. Mto ule hukauka wakati wa kiangazi, na watu huvuka juu ya mchanga. Lakini usiku ule mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Maji mekundu yalikuwa yanapita. Nilijiambia, "Mto huu naujua." Nikaingia.

Katikati ya mto gurudumu la mbele lilitumbukia shimoni. Wiki moja kabla ya hapo shimo lile halikuwepo. Maji yalikuwa yamelichimba usiku. Pikipiki ilianguka, nami nikaanguka. Sanduku la chanjo lilichukuliwa na maji. Vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe walinisaidia kuitoa pikipiki.

Hapo nilifanya kosa la pili. Niliwaomba vijana wanisukume ili injini iwake. Maji yalikuwa yameingia ndani ya silinda. Koni rodi, yaani mkono unaoshika pistoni, ikapinda. Pikipiki ikafa kabisa.

Chanjo nyingine ilipopatikana, wiki tatu zilikuwa zimepita. Mdondo ulikuwa umetutangulia. Mama mmoja alikuwa amepoteza kuku 18. Alitaka kuwauza ili awanunulie watoto wake sare za shule. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Bwana shamba, kwa nini hukungoja? Jioni ile maji yalikuwa chini ya magoti."

Sikuwa na jibu. Ndugu wasomaji, leo pikipiki ni nyingi vijijini. Zinabeba wagonjwa, mbegu, dawa na watoto wetu. Kwa hiyo nawaandikia yale niliyojifunza.

PIKIPIKI YA NJIA ZOTE

Ziko pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya lami na kwa njia mbaya pia. Mabwana shamba wengi wamezitumia. Mfano ni Honda XL125 na Yamaha DT125. Nyingine zina injini kubwa zaidi, ya cc 200 au 250. Pikipiki hizi ziko juu kutoka ardhini. Springi zake ni ndefu. Matairi yake yana meno. Magadi ya mbele huwa juu, ili tope lisijae kati yake na tairi.

Pikipiki hii ni nzuri, lakini haifuti mashimo wala haipunguzi maji ya mto. Dereva ndiye anayepaswa kubadili mwendo kila ardhi inapobadilika.

KABLA YA KUONDOKA

Tazama mambo haya kila asubuhi:

1. Upepo wa matairi. Fuata kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki.
2. Mnyororo. Ukikaza sana hukatika. Ukilegea sana hutoka.
3. Breki zote mbili.
4. Oili na petroli.
5. Mzigo. Ufunge karibu nawe, tena chini. Mzigo mzito ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani haukutii.

Vaa kofia ngumu na uifunge kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Vaa pia viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Abiria naye avae kofia.

JUU YA LAMI

Lami ni laini, nayo humdanganya dereva. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hupita mita 11 kila sekunde. Kwa kilomita 80 hupita mita 22. Lakini hatari haiongezeki mara mbili tu. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mbuzi akikatiza barabara, umbali huo ndio wa kufa na kupona.

Juu ya lami kavu tumia breki zote mbili. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unapofunga breki uzito huja mbele. Ibane polepole, kisha ongeza nguvu. Usiikamate kwa ghafla.

CHANGARAWE NA MCHANGA

Lami ikiisha, punguza mwendo kabla hujagusa changarawe. Usingoje kupunguza ukiwa juu yake. Vijiwe huteleza chini ya tairi kama mtama juu ya sakafu.

Hapa breki ya mbele inataka mkono mwepesi. Gurudumu la mbele likijifunga juu ya changarawe, utaanguka mara moja. Tumia zaidi breki ya nyuma. Maliza kufunga breki kabla ya kona.

Njia ikiwa na mashimo, simama juu ya vikanyagio. Kunja magoti kidogo, na ubane tangi la mafuta kwa magoti. Viwiko viwe vimelegea. Pikipiki itacheza chini yako, lakini mwili wako utatulia. Tazama mbali, pale unapotaka kwenda. Usikodolee macho shimo. Pikipiki hufuata macho ya dereva.

Kwenye mchanga mwingi tumia gia ya pili. Rudisha mwili nyuma kidogo. Mkono wa mafuta uwe mmoja, usipunguze kwa ghafla. Ukipunguza ghafla, gurudumu la mbele huzama, na usukani hugeuka wenyewe. Unaweza kupunguza upepo kidogo ili tairi litandae juu ya mchanga. Lakini ukirudi kwenye lami, jaza tena. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto juu ya lami, na huweza kupasuka. Kwa hiyo beba pampu ya mkono.

TOPE LA MBUGA

Sisi wa mbugani tunaujua udongo mweusi. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa. Ukilowa hunata kama ugali. Hujaa katika tairi mpaka meno yote yanapotea. Tairi likawa kama la baiskeli iliyokwisha.

Chagua mfereji mmoja wa gari na ukae humo. Usihame hame. Nenda polepole kwa gia ndogo, bila kufunga breki. Gurudumu likikataa kuzunguka, simama. Toa tope kwa kijiti. Ukilazimisha, utaunguza sahani za klachi. Wakati mwingine dawa ya tope la mbuga ni kungoja jua la saa tatu au nne.

KUVUKA MAJI

Maji yakienda kwa nguvu, usiingie hata kwa miguu. Kama yametulia, zima injini. Chukua fimbo, uvuke kwanza kwa miguu. Pima shimo, pima jiwe, pima tope. Maji yakizidi goti, au yakiuvuta mguu wako, rudi ungoje.

Ukivuka, tumia gia ya kwanza na mkono mmoja wa mafuta. Usibadili gia majini. Ukifika ng'ambo, gusa breki mara kadhaa ili zikauke.

Pikipiki ikianguka majini, zima injini mara moja. Usiiwashe. Usisukume. Toa plagi, kisha piga kiki taratibu mpaka maji yatoke yote. Kausha chujio la hewa. Tazama oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ibadili kabla ya kuwasha. Kazi hii ni ya saa moja au mbili. Mimi sikuifanya, nikapoteza injini.

NILIRUDI MTONI

Mwezi Desemba mwaka 2013 nilikwenda tena kijiji kile na chanjo. Nilifika mtoni saa tano asubuhi. Maji yalikuwa yanapita. Nilizima injini, nikakaa chini ya mti. Saa tisa alasiri nilipima kwa fimbo. Saa kumi nilivuka, nikiisukuma pikipiki, na sanduku likiwa kichwani kwa kijana mmoja.

Tulichanja mpaka usiku kwa mwanga wa taa, tone moja katika jicho la kila kuku. Mama yule alikuwa wa kwanza kuleta kuku wake. Safari hii walikuwa sita tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mahali gani pa hatari katika njia ya kijiji chenu?
2. Mvua ikinyesha, nani anaweza kuwaonya wapita njia?
3. Je, waendesha pikipiki wa kijiji chenu na abiria wao wanavaa kofia ngumu? Kama hawavai, mtafanya nini?