Ingrid Bergman: Alipendwa, Akatukanwa, Akapendwa Tena

Tarehe 14 Machi 1950, katika Seneti ya Marekani mjini Washington, alisimama Seneta Edwin C. Johnson wa jimbo la Colorado akaanza kuhutubia. Siku hiyo hoja yake haikuwa vita wala bajeti ya taifa. Alimzungumzia mwanamke mmoja, mwigizaji wa sinema, akasema ni mtu mwenye nguvu kubwa ya kueneza uovu. Akapendekeza itungwe sheria ya kuwapa waigizaji leseni, ili wenye mwenendo mbaya wanyang'anywe.

Mwanamke huyo hakuwapo hata Marekani. Alikuwa Italia, na mtoto wake mchanga alikuwa na umri wa siku arobaini. Kwetu hiyo ndiyo siku mzazi anapotoka nje, akapakwa mafuta na kuletewa kanga mpya. Ingrid Bergman yeye aliletewa hotuba.

Wasomaji vijana huenda hawamjui. Dada zangu wakubwa wanamkumbuka kutoka kwenye kanda za video, hasa ile filamu ya Casablanca ya mwaka 1942, ambayo mpaka leo haijaacha kuonyeshwa. Kwa jina ni hadithi ya Moroko, ingawa ilipigwa karibu yote California. Mimi nilianza kumfuatilia kwa sababu nyingine, ya kikazi, nayo nitaifikia.

Alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 29 Agosti 1915. Mama yake, Mjerumani, alifariki Ingrid akiwa na miaka miwili tu. Akabaki na baba, mpiga picha mwenye duka lake, ambaye alipenda kumpiga picha binti yake kila siku ya kuzaliwa. Alipofika miaka 13 baba naye akafa kwa saratani ya tumbo. Akachukuliwa na shangazi yake, na baada ya miezi michache shangazi akafa kwa ugonjwa wa moyo. Ndipo akapelekwa kwa baba yake mdogo, nyumba yenye watoto watano. Binti wa aina hii kwetu tunamjua: ni yule anayekaa kimya pembeni wakati wa chakula. Lakini alipopata nafasi ya kuigiza alisema, alicheka, alilia, akawa mtu mwingine. Mwaka 1933 aliingia shule ya maigizo ya Jumba la Kifalme la Michezo la Stockholm, na baada ya mwaka mmoja tu akatoka kwenda kwenye filamu.

Mwaka 1937 aliolewa na Petter Lindström, daktari wa meno, na mwaka uliofuata wakapata binti, Pia. Mwaka 1939 mtayarishaji filamu David O. Selznick alimwita Hollywood. Walitaka kumbadilisha jina, kumnyoa nyusi na kumrekebisha meno, kama walivyozoea kuwafanyia wasichana wageni. Akakataa yote. Ikawa ndiyo bahati yake, maana watazamaji waliochoka na nyuso za rangi walimwona kama mtu wa kweli.

Hapo akapanda kwa kasi. Baada ya Casablanca, filamu ya Gaslight ya mwaka 1944 ilimpatia tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Mwaka 1945 aliigiza mtawa katika The Bells of St. Mary's, na mwaka 1948 akawa Mtakatifu Joan wa Arc. Watu wakachanganya mwigizaji na mtakatifu. Kosa hilo si lao peke yao. Hata sisi tukimwona mtu anaimba vizuri kwaya tunadhani hana majaribu nyumbani kwake.

Barua moja

Mwaka 1948 alimwandikia barua mwongozaji wa Kiitalia, Roberto Rossellini, ambaye filamu yake juu ya Roma wakati wa vita ilikuwa imemgusa sana. Alimwambia kwamba angependa kufanya kazi naye. Machi 1949 akasafiri kwenda Italia kutengeneza filamu ya Stromboli, kwenye kisiwa chenye mlima wa moto. Alikuwa mke wa mtu, na Rossellini naye alikuwa na mke. Wakapendana. Kabla talaka haijapatikana akashika mimba, na tarehe 2 Februari 1950 akajifungua mtoto wa kiume, Robertino. Ndoa yao ilifungwa Mei mwaka huo kwa njia ya mawakala huko Mexico, wao wenyewe wakiwa Italia.

Mimi ni mtu wa kanisa, na sitasema hapa kwamba alifanya sawa. Mume aliyeachwa aliumia. Aliyeumia zaidi ni Pia, aliyebaki Marekani akiwa na miaka kumi, akisoma habari za mama yake magazetini. Mwaka 1952 Ingrid aliomba mahakama ya Los Angeles impe ruhusa binti huyo amtembelee Italia wakati wa likizo. Mahakama ikakataa. Miaka ikapita bila wao kuonana.

Lakini pia nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, na nimeona tofauti kati ya kumwambia mtu amekosea na kumfurahia akianguka. Wale waliokuwa wakipanga foleni kumtazama mtawa wa sinema ndio walioongoza kumtukana. Rossellini naye alisemwa vibaya katika hotuba ile ile ya Seneti, ila kazi yake ilikuwa Italia na hakuna aliyeweza kumfungia mlango. Ingrid alipoteza mtoto wake na soko lake kwa mkupuo mmoja.

Miaka ya Italia haikuwa rahisi. Mwaka 1952 walizaliwa mapacha, Isabella na Isotta. Filamu alizofanya na mumewe zilikosa watazamaji, pamoja na Journey to Italy ya mwaka 1954. (Ajabu ni kwamba wataalamu wa sinema sasa wanaitaja hiyo miongoni mwa filamu kubwa za karne. Sifa hizo hazikulipa ada ya shule wakati ule.) Fedha zilikuwa za shida, na Rossellini hakupenda mkewe aigize chini ya waongozaji wengine.

Mwaka 1956 alipewa sehemu katika Anastasia, filamu ya kampuni ya Kimarekani iliyopigwa Ulaya. Wenye kampuni walihofia kuwa Wamarekani hawatakwenda kumwona. Walikwenda. Machi 1957 akapata Oscar ya pili. Yeye mwenyewe hakuwapo ukumbini, akaipokea kwa niaba yake rafiki yake Cary Grant. Mwaka huo huo Pia akaenda Ulaya, mama na binti wakakaa pamoja tena. Ndoa na Rossellini ndiyo ikavunjika, ukafuata ugomvi mrefu wa mahakamani juu ya wale watoto watatu. Akaolewa mara ya tatu, mwaka 1958, na Lars Schmidt, mtayarishaji wa michezo ya jukwaani. Nayo ilikwisha kwa talaka mwaka 1975.

Akina mama wa chama chetu kanisani hupenda filamu yake ya mwaka 1958, The Inn of the Sixth Happiness, kuhusu Gladys Aylward, mtumishi wa nyumbani wa London aliyekataliwa na wakuu wa misheni, akajilipia mwenyewe nauli ya garimoshi kwenda China, na baadaye akawavusha milimani watoto yatima wapatao mia moja wakati wa vita. Milima ya China katika filamu hiyo ni ya Wales. Bibi Aylward mwenyewe alikuwa mfupi, mweusi wa nywele, wala hakupendezwa hata kidogo kuona anaigizwa na Mswidi mrefu, tena wakamwekea na mapenzi ambayo hakuyafanya!

Mwaka 1972 Seneta Charles Percy wa Illinois aliingiza katika kumbukumbu za Seneti maneno ya kumwomba radhi. Ilikuwa imepita miaka 22.

Uvimbe

Sasa nifike kwenye ile sababu yangu. Mwishoni mwa mwaka 1973, akiwa London katika mchezo wa jukwaani, Ingrid aligusa uvimbe mdogo kwenye titi. Alishauriwa aushughulikie haraka. Hakwenda. Mchezo ulikuwa unajaza ukumbi, watu wangekosa kazi, kulikuwa na hili na lile. Ilipita miezi kabla hajafanyiwa upasuaji, mwaka 1974, na titi likaondolewa.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Mwanamke mwenye fedha na madaktari wa London alisema maneno yale yale ninayoyasikia kliniki: ngoja tuvune kwanza, ngoja binti aolewe, mbona hakiumi. Dada yangu, hakiumi ndilo tatizo lenyewe. Uvimbe wa saratani mara nyingi mwanzoni hauna maumivu kabisa, na mama huja siku kidonda kimetokeza. Ukiona uvimbe mpya, ngozi kuvutwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, usingojee mwezi wa pili. Si kila uvimbe ni saratani, lakini anayeweza kukuambia hivyo ni yule aliyekupima.

Ingrid alirudi kazini. Mwaka 1975 alipata Oscar ya tatu kwa sehemu ndogo katika Murder on the Orient Express, na jukwaani akasema tuzo ilimstahili mwenzake, Valentina Cortese. Akiigiza Autumn Sonata, iliyotoka mwaka 1978, akagundua kwamba ugonjwa umerudi. Filamu hiyo ni ya mama mpiga piano aliyewaacha binti zake kwa ajili ya kazi, na bintiye anamwambia yote usiku mmoja. Yeye aliyaigiza hayo huku akiyajua. Titi la pili liliondolewa mwaka 1979.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kumwigiza Golda Meir, waziri mkuu wa Israel, katika filamu ya televisheni iliyopigwa huko huko Israel. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba vibaya sana. Hali hiyo sisi wauguzi tunaijua: tezi za kwapani zikiharibiwa na saratani au matibabu yake, maji ya mwili hukosa njia. Inasimuliwa kwamba usiku aliufunga mkono ukiwa umeinuliwa juu ili uvimbe upungue, apate kuigiza asubuhi.

Filamu ilionyeshwa mwaka 1982. Alifariki London tarehe 29 Agosti mwaka huo, siku aliyotimiza miaka 67. Wiki chache baadaye ikatangazwa kwamba ameshinda tuzo ya Emmy kwa sehemu hiyo ya Golda. Aliyepanda jukwaani kuipokea ni Pia.