Kipimo Kinasema Hakuna Malaria, Mbona Kichwa Bado Kinauma?

Mwanafunzi wa chuo akifika nyumbani Kombewa siku za likizo na kusema kichwa kinamgonga, mwili umelegea na chakula hakipiti, nyumba nzima huwa na jibu moja: malaria. Jibu hilo lina mizizi. Hakuna sehemu ya Kenya inayosumbuliwa na malaria kama ukanda wa Ziwa Victoria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwapata asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda huu wakiwa na vimelea kwenye damu, ilhali kwa nchi nzima walikuwa asilimia 6. Kombewa yenyewe imechangia pakubwa katika vita hivyo. Kituo cha utafiti kilichoko hapa, ambacho taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, inakiendesha kwa ushirikiano na jeshi la Marekani, kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoifanyia majaribio chanjo ya RTS,S kuanzia 2009. Ndiyo chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wapewe watoto mnamo Oktoba 2021.

Tatizo huanza pale jibu linapotangulia kipimo. Kijana anatumwa kemisti, anarudi na dawa ya malaria iitwayo AL, vidonge 24: vinne kwa mkupuo mmoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Anavimeza. Kwa kuwa amekwisha kuitwa mgonjwa, anaachwa apumzike, anapikiwa uji, analala mapema. Siku ya nne ana nafuu na kila mtu anaisifu dawa. Wiki ya mitihani inapokaribia, kichwa kinarudi palepale.

Mpwa wangu, aliye mwaka wa pili katika chuo kimoja cha umma, ana msimamo wake kuhusu jambo hili na haogopi kuusema. “Mjomba, nyinyi mkisikia kichwa mnasema malaria. Mkisikia presha mnasema ni simu. Hakuna anayeniuliza kama nimelala, wala kama karo imelipwa.” Nimeyapima maneno yake kwa yale ambayo sayansi inayajua, na naona anastahili kusikilizwa, hata pale ambapo mimi na yeye hatukubaliani.

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa maana hapa Seme, eneo ilimo Kombewa, hakuna anayepaswa kukiruka. Mhudumu anakuchoma kidole, anachukua tone la damu na kuliweka kwenye kibamba kidogo cha plastiki, kisha anaongeza matone ya maji maalumu. Damu inapanda taratibu kwenye karatasi iliyo ndani. Baada ya dakika 15 hadi 20, unasoma kidirisha chenye herufi C na T. Mstari kwenye C unaonyesha kwamba kifaa ni kizima. Mstari kwenye T unaonyesha kwamba damu ina protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na kimelea cha Plasmodium falciparum, kile kinachosababisha malaria kali huku kwetu.

Lakini protini hiyo hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mstari wa pili unaweza kuwa wa malaria uliyokwisha kuitibu mwezi uliopita. Tena, mtu mzima aliyekulia ukanda wa ziwa huwa na kinga kiasi, na anaweza kutembea na vimelea bila kuugua, huku kichwa kinamuuma kwa sababu nyingine kabisa. Ndiyo maana daktari makini huangalia pia joto la mwili, huuliza dawa ulizotumia karibuni, na wakati mwingine huagiza damu itazamwe kwa darubini ili vimelea vyenyewe vionekane. Kwa wanafunzi kuna jambo jingine zito zaidi: kinga hiyo hupungua mtu akiishi mbali na malaria. Aliyekaa Nyeri au Nairobi miaka minne akirudi Kombewa asijihesabu kuwa sugu kama alivyokuwa utotoni. Akiwa na homa, apimwe siku hiyohiyo.

Na anayemeza AL bila kupima ajue kwamba dawa hii ndiyo tegemeo letu kubwa. Rwanda na jirani yetu Uganda zimegundua vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya kelch13, yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa za artemisinini, kundi ambalo AL imo. Kuitumia ovyo ni kuhatarisha tiba ya watoto wetu.

Sasa tuseme kipimo kimetoka safi. Kichwa kinachouma ni cha kweli, wala kijana hajisingizii. Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake iitwayo haipothalamasi huamsha mishipa ya fahamu na tezi ya pituitari, na ujumbe hufika kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo hukimbia, sukari huongezeka kwenye damu, misuli ya shingo na mabega hukaza, tumbo hupunguza kazi yake. Mpango huu ulitufaa sana kumkimbia kiboko ufuoni, maana baada ya dakika chache hatari ilikwisha na mwili ukatulia. Deni la karo halikimbiliki hivyo. Mwili unabaki umekaza wiki nzima, na matokeo yake ni kichwa kinachobana kama kamba, uchovu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatikakatika. Ukiitazama orodha hiyo, utaona ni kwa nini mama yeyote wa Kombewa atafikiria malaria kwanza. Kitu kimoja husaidia kutofautisha: msongo kwa kawaida hauleti homa kali wala baridi ya kutetemesha. Hata hivyo, malaria nayo inaweza kuanza bila homa, kwa hiyo tofauti hiyo haichukui nafasi ya kipimo.

Kuhusu usingizi, mpwa wangu ana haki kuliko anavyojua. Wazazi huona kijana anayekesha na kuamka saa nne kuwa mvivu. Watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Till Roenneberg walionyesha mwaka 2004 kwamba saa ya ndani ya mwili husogea mbele katika ujana, ikafikia kilele cha kuchelewa karibu na umri wa miaka 20, kisha huanza kurudi nyuma. Umri wa mwaka wa pili chuoni ndio huo. Kijana anaposema usingizi hauji saa tatu usiku, anasema kweli. Shida ni kwamba kipindi cha kwanza huanza mapema asubuhi, na usingizi uliokatwa ndio ambao ubongo ungeutumia kupanga aliyoyasoma mchana. Anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani hujinyima kitu anachokihitaji kesho yake.

Kombewa ina neema moja ambayo London haina. Tupo karibu na ikweta, ile inayopita Maseno, na mwaka mzima jua huchomoza na kutua takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote. Mwanafunzi akitoka nje asubuhi kwa nusu saa, akatembea hadi barabara ya Bondo na kurudi, usingizi wa usiku huja mapema kidogo. Chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu vikomee alasiri, maana nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kuinywa.

Basi na simu? Hapa ndipo tunapovutana. Mwaka 2023, ripoti ya Taasisi ya Reuters kuhusu habari za kidijitali iliiweka Kenya kileleni mwa nchi ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema wanaitumia. Wazazi wengi wamehitimisha kwamba vijana wanaharibiwa na kioo. Takwimu haziwaungi mkono sana. Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua data za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba matumizi ya teknolojia yalihusiana na tofauti ya hali njema ya vijana kwa kiasi kisichozidi asilimia 0.4. Kiasi hicho ni kidogo mno kubebeshwa lawama zote tunazoibebesha simu.

Hata hivyo, wastani wa vijana laki tatu na zaidi haumwelezi mmoja aliye kitandani saa nane usiku. Anayeangalia ngoma ya ohangla dakika kumi na anayecheza kamari kwenye simu ileile wanafanya mambo mawili tofauti, na kwangu kamari ndiyo hatari ya kweli. Ubongo hutoa dopamini zaidi pale zawadi inapokuja bila kutarajiwa, na michezo ya kubeti imejengwa juu ya hilo: hujui ni lini utashinda, basi unaendelea kubonyeza. Pesa ya mkopo wa masomo wa HELB inapoingia na mchezo umo kwenye kifaa kilekile chenye M-Pesa, kilichokuwa burudani kinageuka deni, na deni linakuwa kichwa kinachouma. Kwa hili mpwa wangu hanipingi. Amewaona wenzake wakila mlo mmoja kwa siku kwa sababu hiyo.

Kuhusu ChatGPT, anasema inampunguzia presha ya kazi za chuoni. Namwelewa, ila namna ya kuitumia ina uzito. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba, baada ya wiki moja, wanafunzi waliojitahini walikumbuka mengi kuliko waliosoma maandishi yaleyale tena na tena. Programu hiyo ikiombwa impe maswali ya kujijaribu itamfaa. Ikimwandikia insha nzima, presha imeahirishwa tu hadi chumba cha mtihani.

Karo ndiyo mada tunayoikwepa. Tangu 2023 mfumo mpya wa ufadhili humweka mwanafunzi kwenye bendi kulingana na uwezo wa nyumbani, na mvutano juu yake umefika mahakamani. Wakati huohuo, familia nyingi za Seme hutegemea ziwa na mashamba madogo, na kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Mwanafunzi analijua hilo akiwa darasani. Watafiti wanne, akiwemo Sendhil Mullainathan, waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo: watu walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili walipokuwa hawajavuna, pesa zikiwa zimekauka. Jirani zetu wanaolima miwa Muhoroni na Chemelil hawatashangaa. Wasiwasi wa pesa hula nafasi ileile ya akili inayohitajika kutatua hesabu. Mzazi anayemwambia mtoto “wewe soma tu, mambo ya karo niachie” ana nia njema, lakini kijana hufaidika zaidi akielezwa waziwazi kiasi kilichopo, kilichobaki na mpango wa kukilipa.

Utamaduni wa vijana nao una dawa ndani yake. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake waliwachezesha wanafunzi wa Brazili, wakakuta kwamba waliocheza kwa kwenda pamoja walivumilia maumivu zaidi na kuwa karibu zaidi kuliko waliocheza kila mtu kivyake. Ngoma ya ohangla inapopigwa Kombewa na mabega yakaanza kutikisika kwa pamoja, mwili unapata jambo ambalo kuitazama ngoma peke yako kwenye kioo hakulileti kikamilifu.

Msaada wa mazungumzo unafanya kazi pia, na ushahidi upo hapa nchini. Mpango wa Shamiri, ulioongozwa na Mkenya Tom Osborn, ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wa shule za upili Nairobi na Kiambu: vikao vinne vya kikundi, vinavyoongozwa na vijana waliomaliza shule miaka michache tu kabla. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa stadi za kusoma. Vyuo vyetu vina vijana wa kutosha wa kufunzwa kazi hiyo.

Mawazo yakifika kwenye kujidhuru, yasisubiri. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo. Na aliyejaribu kujiua asiogope polisi kuliko daktari: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Ninalolitaka kwa zahanati na hospitali za Seme ni dogo na halihitaji mashine. Kuna dodoso liitwalo PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu, kukata tamaa, mawazo ya kujidhuru. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na limewahi kupimwa na kuthibitishwa kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya. Alama kubwa humwelekeza mhudumu amchunguze mtu kwa undani zaidi. Kuyajibu huchukua dakika chache, na kijana aliyechomwa kidole tayari amekaa kwenye benchi akisubiri kibamba cha malaria kwa dakika 15. Aulizwe hapohapo.