Senema ya Mkoloni na Udongo wa Machakos

Zama za mkoloni senema haikuwa ya kustarehesha tu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwapo jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, si mbali na Tanga. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walipiga filamu zipatazo 35, juu ya safura, mbegu bora, mmomonyoko wa udongo na mengineyo, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, na fundi ilimbidi achunge picha na sauti zisiachane.

Ufundishaji wao ulikuwa wa mwerevu na mjinga. Katika filamu ya akiba ya posta, mmoja azika fedha zake ardhini zikaibiwa, mwenziwe aziweka posta zikasalimika. Somo wazi, lakini mtazamaji haulizi swali. Hata mtoto wa chuoni humsomea mwalimu wake, akakosolewa.

Sasa tutazame Machakos. Miaka hiyo hiyo nchi ya Wakamba ilikuwa imechimbika makorongo, na maofisa wakasema kosa ni wingi wa ng'ombe. Kwamba ardhi nzuri ilikwisha kutwaliwa na masetla, hilo halikusemwa sana. Mwaka 1938 mifugo ikaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wakamba kwa maelfu, wake kwa waume, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa, akahamishiwa wapi? Lamu! Basi kisa hiki nasi watu wa pwani kina sehemu yetu. Filamu gani ingemfundisha mtu ambaye ng'ombe wake yumo mikononi mwa askari?

Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia. Ila kuanzia miaka ya 1950 ulienea mtindo mwingine: wachimba mtaro, udongo wautupa upande wa juu wa mteremko, kisha juu ya tuta wapanda majani ya kulisha mifugo. Vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, vilikwenda shamba kwa shamba, na mtu alijifunza kwa jembe la jirani. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kuwa watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 hadi 1990, na mmomonyoko ukapungua.

Mtindo huo huitwa fanya juu, na wataalamu wa Ulaya huliandika jina hilo vitabuni mwao hivyo hivyo, bila kulitafsiri.