Paa Halingoji Shaabani

Familia nyingi za Tudor huahirisha matengenezo ya nyumba hadi Shaabani, ili Ramadhani iwakute kuta zimepakwa rangi. Twaiona desturi njema. Ila mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, na masika hayaufuati. Wazee wetu walilijua hilo: ibada kwa mwezi mwandamo, kilimo na safari za majahazi kwa miongo ya Nairuzi. Basi sisi wenye nyumba na tupange pamoja kwa pepo: wakati wa kaskazi, mabati yaliyoshika kutu na mifereji ya paa; kusi likipoa, chokaa na rangi. Shimo la choo tulitapishe kabla ya Machi, kwani likifurika kwenye mvua, najisi humfikia jirani hadi pake pa kusalia.