Kompyuta ndogo inayojifanya kibodi

Msikilizaji, ukichomeka kibodi kwenye kompyuta, huulizwi jina wala namba ya siri. Kompyuta inauliza kupitia waya, "Wewe ni nani?" Kifaa kinajibu, "Mimi ni kibodi," na kazi inaanza. Haina macho ya kuhakikisha, inaamini jibu.

Hapo ndipo inapoingia Raspberry Pi Zero, kompyuta ya bodi moja iliyotoka Uingereza mwaka 2015 kwa bei ya dola 5. Urefu wake milimita 65, upana 30, inaenea kiganjani. Ina matundu mawili madogo ya USB, moja la umeme na jingine la data. Hilo la data linaweza kuwa mwenyeji, yaani kupokea kibodi na flashi, au kuwa mgeni anayechomekwa kwa mwingine. Si bodi zote za aina hiyo zinaweza kuwa mgeni.

Matayarisho si makubwa. Kwenye faili la mipangilio unaongeza mstari dtoverlay=dwc2, kisha programu fupi inaiambia Linux kwamba bodi hii sasa ni kibodi. Kuanzia hapo, kila kitufe kinasafiri kama kifurushi cha baiti 8. Ya kwanza inasema kama Shift au Ctrl imebonyezwa, ya pili inaachwa tupu, sita zilizobaki zinataja vitufe. Kitufe cha a ni namba 4. Ukishaituma, lazima ufuatishe kifurushi cha sifuri tupu, maana yake kidole kimeinuka. Usipofanya hivyo, kompyuta itadhani bado umebonyeza na kujaza aaaaa ukurasa mzima. Tena, namba 4 haitaji herufi bali mahali pa kitufe: kompyuta iliyopangwa kwa kibodi ya Kifaransa itaandika q.

Mnaitumia teknolojia hii bila kujua. Ile mashine inayosoma mistari ya bei dukani, mara nyingi hujitambulisha kama kibodi na "kuchapa" namba ya bidhaa. Mtu asiyeweza kutumia vidole anaweza kutengenezewa vitufe vikubwa vya kubonyeza kwa kiwiko au mguu, na kompyuta yake isijue tofauti. Kwetu sisi, hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote.

Lakini imani hiyo hiyo ni mlango wa mwizi. Mwaka 2014, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha huko Las Vegas kwamba hata flashi ya kawaida inaweza kubadilishwa ndani ijitambulishe kama kibodi. Waliita BadUSB. Ikichomekwa, inaandika amri kwa kasi ambayo hakuna karani anayeifikia. Programu ya kuzuia virusi hutafuta mafaili mabaya. Hapa inaona tu kama kuna mtu anaandika.

Kwa hiyo flashi iliyookotwa stendi isichomekwe kwenye kompyuta ya ofisi ya chama cha ushirika au ya zahanati, hata kwa nia ya kumtafuta mwenyewe. Kuifungua tu "tuone picha" kunatosha. Na karani akiondoka mezani, afunge kompyuta kwa nywila: kibodi ya uongo, kama ya kweli, haina la maana la kufanya mbele ya skrini iliyofungwa.

Na simu? Simu nyingi za Android nazo hupokea kibodi kwa waya. Kwenye kibanda cha kuchajia hatuoni sababu ya hofu kubwa, ila nenda na kichwa chako cha chaji na waya wako, uchomeke kwenye soketi ya umeme, na simu iwe imefungwa, hasa kama ina pesa. Waya kamili wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Waya wa kuchaji pekee hauna zile za data, na bila hizo hakuna kibodi inayoweza kujitambulisha.